Kiazi cha Katikati

Vitabu vifungeni kwanza, tutavirudia. Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, ambaye kila nikianza mfano unakumbuka kwamba hukufunga bomba nyumbani, leo nakusihi ukae. Mfano wa leo una aibu ndani yake, na aibu ikigawanywa kwa watu wengi hubebeka. Ukitoka utatuachia mzigo wako.

Mnaona nilichoshika? Msinicheke, si tangawizi. Kinafanana nayo, nakubali, hata mke wangu nusura akitie kwenye chai. Hiki ni kiazi cha ua linaloitwa airisi. Wengi wenu mnalijua kwa sura, jina ndilo hamkuambiwa: majani marefu, bapa, yamesimama wima kama mapanga, na ua la zambarau lenye petali tatu zinazotazama juu na tatu zilizolegea chini, zina mstari wa manjano katikati. Linapenda kwetu huku kwenye baridi. Mzee wa kanisa, pokea, kipitishe kwa akina mama waliokaa nyuma wakiguse. Lakini kirudi, jamani.

Sasa sikilizeni tabia ya ua hili, maana bila hiyo mfano wangu hauna miguu. Kiazi hiki hakipendi kufukiwa. Ukikipanda, unazika mizizi tu, mgongo unauacha wazi uchomwe na jua. Ukikionea huruma ukakifunika, utavuna majani mpaka uzeeke na ua usilione. Ukikiwekea samadi mbichi, kinaoza. Tena kiazi kikishatoa ua mara moja, basi, kimemaliza kazi yake. Kinazaa watoto ubavuni, na hao watoto ndio watakaochanua. Mama mtu anabaki katikati, mkubwa, mkavu, hana kitu. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitatu, minne, mwenye bustani huchimba, akakata. Vya pembeni hupandwa. Cha katikati hutupwa. Mmenisikia? Cha katikati hutupwa. Lishikeni hilo, nitawauliza mbele.

Basi, kulikuwa na mama mmoja huko milimani, kwenye usharika wa baridi kama huu. Tumwite Mama Nanzia. Nyumbani kwake, chini ya dirisha la sebule, alikuwa na tuta la airisi, na usharika mzima hapakuwa na mwingine aliyekuwa nazo. Mbegu yake aliipata zamani kwa sista mmoja wa zahanati aliyekuwa anarudi kwao. Msimu ukifika, Jumamosi alasiri Mama Nanzia anakata maua, anajaza mikono, anayapeleka kupamba madhabahu. Kuna njia ya mkato kutoka kwake mpaka kanisani, dakika tano. Yeye hapiti hiyo. Anapita barabara kubwa, anazunguka dukani, anazunguka mashine ya kusaga, anasalimia kila mtu. Ndiyo, mnacheka. Mnamjua. Kila usharika unaye, na sisemi amekaa benchi la ngapi.

Watu wakampa jina, wakamwita Mama wa Madhabahu. Naye jina lile alilipenda kuliko alilobatiziwa.

Sasa kwao kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mtu akija kuomba mche, hanyimwi. Unaweza kumnyima chumvi, ukasema imeisha, lakini mche ukimnyima mtu, habari zako zitafika sokoni kabla yako. Desturi ya pili ndiyo nzuri zaidi. Aliyepewa mche hasemi asante siku ile. Haruhusiwi. Shukrani inangoja ua. Siku ua likichanua, hapo ndipo anapeleka shukrani yake kwa aliyempa, tena mbele za watu.

Mtaniuliza, kama mche haunyimwi, Mama Nanzia alibakije peke yake na maua yale? Swali zuri. Alikuwa na ujanja wake. Akiombwa anasema, "Mwanangu, nikichimba nitakukumbuka." Basi hachimbi. Miaka tisa hakuligusa tuta lile kwa jembe. Viazi vikabanana, vikapandiana migongoni, naye akaridhika, kwa sababu kuchimba ni kugawa, na kugawa ni kuwa mmoja kati ya wengi.

Ikafika siku akabanwa.

Jirani yake wa chini, mwanamke wa umri wa binti yake, alifiwa na mume. Tumwite huyo Mama Sifaeli. Mumewe ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa. Mtu mpole, hakuwa na makuu. Wakamzika nyumbani kwake, pale pale kando ya barabara ya kwenda kanisani. Baada ya siku arobaini mjane akapanda kilima akapiga hodi kwa Mama Nanzia.

"Karibu, mwanangu, karibu. Pole tena na msiba."

"Nimeshapoa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo kivulini, naona umechoka."

Mama Sifaeli akakaa, akawa anasokota ncha ya khanga yake. "Mama, nimekuja na ombi, wala usinione msumbufu. Baba Sifaeli alikuwa akitoka kupiga kengele anapita huku, anasimama kwenye uzio wako kutazama maua. Akirudi ananiambia, siku moja nitamwomba yule mama mche mmoja. Miaka yote anasema hivyo. Akaona haya mpaka ameondoka. Sasa nimekuja kumwombea mimi. Kipande kimoja tu, nikipande kichwani pake. Mwakani mwezi wa kumi tunaweka msalaba, natamani siku hiyo awe na ua lake."

Ndugu zangu, hapo ungesemaje? Utasema, "Nikichimba nitakukumbuka"? Kwa marehemu? Mama Nanzia hakuweza. Machozi yalimlengalenga, ya kweli kabisa. Akamwambia, "Wewe kaa, usiinuke. Nitachimba mwenyewe." Akachukua jembe na kisu, akazunguka upande wa dirishani, akapiga magoti.

Pembeni ya tuta kulikuwa na vile vitoto, vimenona, kila kimoja na jicho lake la kijani limechomoza. Mkono wake ulikwenda pembeni. Nataka mjue hilo, tusimwonee. Mkono ulikwenda pembeni na kisu kikagusa. Kisha likamjia wazo. Kaburi lile liko barabarani. Watu wote wa ibada wanapita pale. Mwakani wataona airisi kwenye kaburi la mpiga kengele, watamwomba mjane, mjane atawapa maana yeye hana hiyana, na mwaka wa pili kila mwanamke atakuja na maua mkononi. Nani atakuwa Mama wa Madhabahu?

Mkono ukarudi katikati. Ukakata kiazi kikongwe, kile kilichokwisha kuchanua zamani, kikavu ndani. Na shida ya kiazi cha katikati ni kwamba ni kikubwa. Mtu asiyejua anaona amependelewa.

"Mama!" akasema Mama Sifaeli alipokipokea kwa mikono miwili. "Umenipa kikubwa hivi?"

"Nimekuchagulia, mwanangu."

Kingetosha hapo, sivyo? Kiazi kile peke yake kilikuwa uongo kamili. Lakini akaongeza. Akasema, "Ukifika, chimba shimo refu, kina cha kiwiko. Kifukie vizuri, kisionekane hata kidogo. Na samadi usiionee uchoyo." Yeye aliyevipanda vyake migongo ikiwa juu! Mjane akaitikia kwa kichwa kila neno, anayarudia kimoyomoyo asije akasahau. Akasimama, akainama kidogo kwa heshima.

"Siwezi kukushukuru leo, unajua desturi. Lakini shukrani yako ninayo, mama. Nitaileta."

"Usijali," akasema Mama Nanzia.

Akaingia ndani, akanawa mikono. Akainawa tena.

Tangu siku ile njia ya mkato aliyokuwa akiidharau ikawa ndiyo njia yake. Barabara kubwa inapita kaburini, na yeye kaburi lile hakutaka kuliona. Watu wakashangaa, Mama wa Madhabahu siku hizi anatokea vichakani ana mbigili kwenye kitenge. Akasema ni miguu, inauma, anatafuta ufupi. Lakini mjane huwezi kumkwepa kila mahali. Wanakutana kwenye kwaya, wanakutana kwenye bomba la maji, na kila wakikutana mwenzake anasema kwa upole, "Bado hakijatoa, mama. Shukrani yako bado ninayo." Mwezi huu, mwezi ule. "Bado ninayo, mama." Wangapi kati yenu mmewahi kudaiwa kwa upole? Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mtu akikutukana unapata pa kusimama, unajibu. Huyu anakuheshimu, utajibu nini?

Nyumbani nako mambo yakageuka. Msimu uliofuata tuta lake likatoa maua manne. Manne tu, tuta zima! Lilikuwa limebanana, miaka tisa, kumi, halina pumzi. Dawa yake aliijua: chimba, kata, gawa. Lakini akichimba vitajaa makarai mawili, na watu wataona. Akaamua kulazimisha. Akamwaga samadi mbichi, ndoo kwa ndoo, akasema kwa nguvu hii lazima vichanue. Mvua za vuli zikaanza mapema. Siku moja akafungua dirisha la sebule na harufu ikamkaribisha. Akatoka, akashika jani, likachomoka lote mkononi bila hata kuvutwa. Chini ya jani kiazi kilikuwa uji.

Akavuta la pili. La tatu. Tuta zima lilikuwa uji.

Mama Nanzia alikaa chini pale pale kwenye tope. Aliona aibu, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Hiyo aibu ya peke yako ni mbaya, msikieni anayeijua. Alijiambia kwamba amenyang'anywa kwa haki. Alijiambia pia kwamba walau hakuna anayejua. Na nitawaambieni ukweli, hilo la pili ndilo lililomfanya ainuke.

Zikabaki siku tatu msalaba uwekwe. Jumatano asubuhi, hodi.

Ni Mama Sifaeli. Hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alisimama mlangoni, macho chini. "Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

Moyo wa Mama Nanzia ukafanya paa! Akajua ndiyo leo. Kuna mtu kamwambia. "Msamaha wa nini, mwanangu?"

"Ule mche. Sikuutunza ulivyoniagiza. Nilichimba kina cha kiwiko kama ulivyosema, samadi nikaweka. Lakini mama, wale kuku wangu! Nafukia, wanafukua. Nafukia, wanafukua. Samadi wameichakura wameitawanya uwanja mzima. Halafu nikashikwa na homa, nikalala ndani wiki mbili. Kutoka, nakuta kiko wazi, mgongo wote juani, kimekauka. Nikasema basi, nimemwangusha mama wa watu. Amenichagulia kiazi kikubwa, mimi nimekiachia kuku. Nikaona haya kukwambia. Mwaka mzima nakwambia bado, bado, sikukwambia habari ya kuku."

"Kwa hiyo kimekufa," akasema Mama Nanzia. Na yeye mwenyewe aliisikia sauti yake, ilikuwa na tumaini.

"Hapana, mama!" Mjane akainua uso, na uso ulikuwa unacheka na kulia. "Kilitoa vitoto ubavuni. Tangu jana vimechanua. Mashina saba! Nimekuja kukwambia Jumamosi ndipo nitakuletea shukrani yako, lakini sikutaka kukushukuru mbele za watu nikiwa na uongo moyoni. Nisamehe kwa kutokutii."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu mwingine. Mjane yule ndiye aliyeanza, alikuja kuungama kosa ambalo si kosa, na alichotakiwa Mama Nanzia ni kusema neno moja: mimi pia. Maneno mawili tu! Mnajua alisema nini?

Alisema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Eeh, gumieni. Na mimi niligumia nilipofika hapo. Mwizi anamsamehe aliyeibiwa, na aliyeibiwa anabusu mkono wake, anashuka kilima akiwa mwepesi. Mama Nanzia akabaki mlangoni.

Jumamosi ikafika. Kila mtu alikuwepo, mchungaji, mwinjilisti, kwaya, akina mama na sare zao. Msalaba ukasimikwa, na kichwani pa marehemu, mashina saba ya airisi, zambarau tupu. Watu wakasema hawajawahi kuona yamenona hivyo, hata kwa Mama wa Madhabahu mwenyewe. Baada ya maombi mjane akaomba nafasi.

"Maua haya mume wangu aliyatamani maisha yake yote akaona haya kuomba," akasema. "Nilipoomba, mama huyu hakuniuliza mara mbili. Alipiga magoti mwenyewe, akanichimbia mwenyewe, akanichagulia kikubwa. Leo ua limechanua. Mama Nanzia, simama, mama. Nakuletea shukrani yako mbele za watu wote."

Vigelegele. Mama Nanzia akasimama. Masikio yanawaka moto. Akatazama msalaba, akatazama maua, akafungua mdomo. Na alijaribu. Tumpe haki yake, alijaribu.

"Ndugu zangu, mimi sistahili. Mimi nilimpa kiazi cha katikati."

Nyamazeni niwaulize. Ninyi mnajua maana yake, maana nimewafundisha. Je, wale walijua? Nani kati yao alikuwa amewahi kupanda airisi? Hakuna. Yeye alihakikisha hakuna! Kwa hiyo mwinjilisti akadaka juu juu. "Mmesikia unyenyekevu huo? Hakumpa cha pembeni, jamani! Hakumpa cha ukingoni, cha makombo! Amempa cha katikati kabisa! Semeni amina!"

"Amina!"

Wakampigia makofi. Kwaya ikaanza wimbo. Na Mama Nanzia alijua kwamba angeweza kuinua mkono akasema, ngojeni, sikumaliza. Akakaa. Alikaa na makofi yale mapajani, na hakuna adhabu aliyowahi kupewa tangu utoto iliyomuuma kama yale makofi.

Jumatatu mjane akaja tena. Alikuwa na haraka, mwenye furaha.

"Mama, nina tabu. Siku ile ya msalaba wanawake kumi na mmoja wameniomba mche, na mche haunyimwi. Lakini mimi kukata sijui, naogopa nitaharibu. Njoo unifundishe. Kisu ninacho."

Hapo ndipo alipobanwa kweli kweli, kuliko mlangoni, kuliko kaburini. Mnaona alivyobanwa? Akimfundisha kukata sawasawa, amejisema mwenyewe. Akimfundisha uongo tena, wanawake kumi na mmoja watakwenda kufukia viazi vikavu kina cha kiwiko, na ua lile litaisha milimani, maana kwake yeye limeshaoza. Walishuka wote wawili kwa barabara kubwa. Ukiacha siku ile ya msalaba, ilikuwa mara yake ya kwanza kuipita mwaka mzima.

Wakapiga magoti pembeni ya kaburi. Mama Nanzia akachimbua fundo lote, akalikung'uta udongo, akaliweka juu ya jani la mgomba. Akashika kisu.

"Hiki cha pembeni, chenye jicho la kijani, kata hapa. Hiki hupandwa." Akakata. "Na hiki. Na hiki hupandwa. Mizizi uizike, mgongo uuache juani."

"Juani?" akauliza Mama Sifaeli. "Kisifukiwe?"

"Kisifukiwe."

"Na samadi?"

"Usiweke. Inaozesha."

Mjane akageuza shingo. Kuku wake walikuwa wanachakura pale karibu. Akanyoosha kidole. "Na hiki kikubwa cha katikati?"

Mama Nanzia akasema, "Hicho hutupwa."

"Kwa nini?"

"Kikishachanua mara moja hakichanui tena. Hakina kitu."

Mama Sifaeli akakiokota. Akakigeuza. Upande mmoja kilikuwa na kovu la kisu, la zamani, limeshakauka. Akalipapasa kwa kidole gumba.

"Lakini mama," akasema taratibu, "hiki ndicho ulichonipa."

"Ndicho."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akangoja kupigwa. Alitamani apigwe. Mjane hakumpiga, hakupaza sauti. Alikuwa anakumbuka, unaiona kabisa kumbukumbu ikimpitia usoni, kiwiko, samadi, kuku, homa, mwaka mzima wa kuona haya.

"Na Jumatano nilikuja kukuomba msamaha," akasema.

"Ulikuja."

"Ukanisamehe."

Mama Nanzia akainama mpaka paji la uso likagusa udongo wa kaburi. "Nilikusamehe," akasema.

Mama Sifaeli akatazama msalaba wa mumewe. Kisha akachagua katika vile viazi kumi na vingapi, akatafuta, akachukua kimoja cha pembeni, kilichonona kuliko vyote, akakifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akamwekea Mama Nanzia mapajani.

"Vyako vimeoza. Nilisikia harufu Jumatano, nikaona haya kuuliza. Chukua hiki. Ila mama, safari hii usiache kugawa."

Hakusema, "Nimekusamehe." Kumbukeni hilo, hakusema, na hakuna aliyemlazimisha. Akaokota kisu, akaendelea kukata vile kumi na moja vya wenzake, na kukata alikuwa ameshajua.

Na Mama Nanzia? Alitaka kusema asante. Lakini desturi si mnaijua? Aliyepewa mche hasemi asante siku ile. Akainuka, akapanda kilima na shukrani ndani ya mdomo, na kiazi mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutazama nani anamwona.

Sasa sisi. Msitazamane, nitazameni mimi.

Sisi tunatoa. Hatuwezi kusema hatutoi. Tunatembelea wagonjwa, tunachangia harusi, tunapeleka nguo kwa watoto yatima, na watu wanatuambia Mungu awabariki. Lakini mkono ulikwenda wapi, pembeni au katikati? Ile nguo ilikuwa na vifungo? Yule kijana uliyemwelekeza kazi, ulimwelekeza yote, au ulibakiza kidogo ili arudi kwako? Mama mkwe, ile namna ya kupika mkate uliyomfundisha mke wa mwanao, kweli ndiyo unayotumia wewe? Umecheka kwa haraka sana, mama.

Na toba zetu! "Bwana, nisamehe mapungufu yangu." Mapungufu gani? Tunasimama mbele za watu tunasema, mimi si kitu, mimi mwenye dhambi, na watu wanasema amina, wanatupenda zaidi, tunakaa. Tumesema kiazi cha katikati kwa watu wasiojua viazi. Na sisi watumishi wenu ndio yule mwinjilisti. Mtu anafungua mdomo anajaribu kusema, sisi tunadaka, tunageuza kuwa ushuhuda, tunaanzisha wimbo. Mimi nimefanya hivyo katika kanisa hili. Kuna mmoja wenu alisimama hapa mwaka jana na machozi, nikampigia makofi. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza alitaka kusema nini. Ndugu, kama upo leo, nisubiri pale nje. Nitakusikiliza mpaka umalize.

Haya, kiazi changu kimefika wapi? Kirudi. Nani amekiweka kwenye mkoba? Usione haya, chukua tu, nenda kakipande, na ukifika mgongo uuache juani. Wala usiniambie asante.

Wimbo hatutaimba sasa hivi. Tutakaa kimya kidogo. Nilipokuwa nasema, kuna uso wa mtu mmoja ulikujia, na ukaufukuza, na ukarudi. Huyo ndiye. Anaishi si mbali. Ibada ikiisha pita barabara kubwa, piga hodi, na akikukaribisha useme ulimpa kipande gani.